Tupeane uzoefu: mhadhiri mpya mnamwambiaje ukweli bila kumvunja moyo?

Mwana Kisauni
Jamani, muhula huu tumepewa mhadhiri mpya, kijana, juzi tu amemaliza uzamili. Somo analijua, hapo sina neno. Lakini anasoma slaidi mwanzo hadi mwisho ametupa mgongo, na feni zinavyounguruma, waliokaa nyuma hawaambulii kitu. Mimi ndiye mwakilishi wa darasa, wenzangu wanataka nimwendee. Fomu za tathmini huja mwisho wa muhula, tukiwa tushamalizana naye. Waliowahi, mlianzaje?

Binti Likoni
Wa kwetu nilimngoja mlangoni, akiwa peke yake. Nikamwambia, "Mwalimu, ule mfano wa feri, magari yanavyopangwa isilalie upande mmoja, ndio uliotufungua macho. Tuongezee kama ule." Slaidi sikuzigusa. Kipindi kilichofuata akaja na kalamu, akachora ubaoni. Mtasema ni uoga, haya, lakini tulielewa.

Mpwani Mkavu
Dada, wewe ulibahatika. Wetu tulimsifu hivyo hivyo akaona mambo shwari, akazidi kukimbiza somo. Ikabidi aambiwe waziwazi: "Mwalimu, tukiandika hatusikii, tukisikiliza hatuandiki." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Niliwapoteza wapi?" Basi tukatazamana! Bahati mmoja wetu alikuwa na daftari, akamfungulia ukurasa wenyewe, mlinganyo umekatika nusu. Akakaa pale pale akaurudia wote.

Mwalimu wa Tudor
Nasema kama mtu wa upande wa pili, maana nafundisha. Mwanafunzi akiniandikia "hafundishi vizuri", mimi nifanye nini na maneno hayo? Lakini mmoja aliandika, "Maswali ya mtihani hayafanani na mazoezi unayotupa." Hilo nililirekebisha wiki ile ile. Lafudhi ya mhadhiri na mavazi yake yaacheni, hayawahusu. Mwombeni agawe vikaratasi visivyo na majina mapema, wiki ya nne hivi: kipi kiendelee, kipi kibadilike. Mhadhiri mpya mara nyingi hajui kwamba anaweza kuuliza kabla ya zile fomu. Na tafadhali, msiruke kwenda kwa mkuu wa idara kabla hamjaonana naye, labda iwe ni jambo la utovu wa adabu. Hilo ni jingine kabisa.

Mwana Kisauni
Ahsanteni sana. Niende peke yangu au na wenzangu?

Binti Likoni
Chukua mmoja tu. Mkienda kumi atadhani ni maandamano. Na usimwendee saa saba mchana, kwa joto hili!