Mahari imeshapokelewa, binti hataki: tuanzie wapi?

Muuliza (Ngaramtoni, Arusha): Wakuu, binti wa jirani yuko kidato cha pili. Ng'ombe wameshaletwa, harusi ni likizo hii. Asiye ndugu anaweza kuripoti?

Jibu: Anaweza, na asisubiri. Piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi. Usiondoke bila namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Ndiyo utakayofuatilia nayo. Mwone pia afisa ustawi wa jamii, maana binti atahitaji pa kulala salama usiku huohuo.

Jibu: Hapa Tanzania, tangu Sheria ya Elimu irekebishwe 2016, kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela. Kwa hiyo pata barua ya mkuu wa shule inayothibitisha uandikishaji, mapema, kabla hawajamhamisha. Kesi nyingi hufia kwenye kikao cha ukoo: ng'ombe wanarudishwa, mashahidi wananyamaza. Andikisheni maelezo kabla ya kikao hicho.

Muuliza: Dada yake ana miaka 20, naye analazimishwa.

Jibu: Huyo naye analindwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari. Bila hiyo ndoa ni batili. Notisi ya kusudio la kuoana hutolewa siku 21 kabla ya ndoa, kwa hiyo apeleke pingamizi la maandishi kwa msajili wa ndoa.