Anayedaiwa hela ya unga akiripoti vitisho, polisi wamkamate au wamlinde?

Wakuu, kila wakiuawa watu wawili kisa deni la madawa utasikia yaleyale, wameyataka wenyewe, mchezo wa unga ndo ulivyo. Mi nabisha, na naanza na yule wa pili, maana mara nyingi mmoja ndo anadaiwa, mwingine alikuwepo tu, demu wake au mdogo wake, anamalizwa kwa sababu kaona sura. Huyo naye kayataka?

Tuangalie deni lenyewe linavyozaliwa. Pusha mdogo hana mtaji, anapewa mzigo mali kauli, auze, arudishe hela, abaki na chake. Wengi nao ni mateja, so kete mbili anauza ya tatu anavuta mwenyewe, hesabu inaanza kukataa. Au anaporwa njiani. Na hapo kwenye kuporwa kuna uhuni mmoja mbaya sana, Uingereza wanaujua vizuri kwa yale magenge ya miji mikubwa yanayotumia watoto kupeleka unga miji midogo, genge linatuma watu wake wampore dogo mzigo wao wenyewe, halafu linamgeukia, deni lako hilo, fanya kazi ulipe. Dogo anabeba, anabeba tena, deni haliishi kwa sababu anayehesabu ni mmoja na daftari liko kichwani kwake.

Sasa aende wapi? Benki ikikudai kuna mahakama, unaweza kupangiwa ulipe kidogokidogo. Mdai wa unga hana pa kushtaki, na akimwachia mmoja, waliobaki wote wanaacha kulipa, ndo maana mtu anauawa kwa hela ya kuchekesha kabisa. Maiti hailipi, ila wadaiwa wengine wakisikia wanalipa siku hiyohiyo. Mtafiti Mmarekani Paul Goldstein alishalichambua hili toka 1985, kuna ukatili wa mtu aliyelewa, wa mtu anayetafuta hela ya kununua, na wa biashara yenyewe. Deni liko hapo kwa tatu.

Mdaiwa naye akienda kituoni kusema fulani kasema ataniua, swali la kwanza ni anakudai nini. Akisema ukweli kajifunga, akidanganya kesi haina kichwa wala miguu. Basi anakaa kimya, anamlilia mama yake, mama anauza alichonacho analipa, na genge likishajua nyumbani kwao wanalipa ndo kwanza deni linaota upya.

Hoja yangu ni hii, anayeripoti vitisho asishtakiwe kwa vikete vyake. Sio jambo geni kivile. Canada toka 2017 ukiita msaada kwa mtu aliyezidisha dozi hushtakiwi kwa kukutwa na madawa, Marekani jimbo la New Mexico lilianza na sheria kama hiyo 2007, mengine mengi yakafuata. Kama aliyepiga simu kuokoa mtu wa dozi tunamwachia, anayepiga kabla ya risasi tunamkamata kwa lipi?

Kuna wanaosema wauza unga wanyongwe wote, wanatupa mfano wa Singapore, ukisafirisha au kuuza zaidi ya gramu 15 za heroini kamba. Sawa, ila hebu niambieni, nani ataenda kujieleza kwa serikali yenye kamba mkononi? Na kuna wanaotaka unga uhalalishwe, wanakumbusha Marekani ilivyopiga marufuku pombe 1920 hadi 1933 watu wakachinjana, leo wauza bia wanadaiana kupitia mawakili. Nusu nakubali, lakini hilo ni la miaka, huyu katishiwa usiku huu.

Msamaha wenyewe uwe na mipaka, uhusu kiasi kidogo tu, na kama alishamkata mtu panga ajibu hilo kivyake, la sivyo kila pusha atautumia kumchoma mpinzani wake. Kinachonitisha zaidi ni kuvuja. Askari mmoja anayekula na genge akiona jina, huyo mtu tumemuua sisi, tena na waliokuwa nae ndani. Kwa hiyo mi naona asipitie kaunta kabisa, apokelewe na wakili au kliniki ya methadoni, ile dawa wanayopewa mateja waache heroini, wanakomjua, jina libaki huko mpaka awe amehamishwa. Mnaosema kituo kinatosha, njooni mnieleze hapo kwenye kuvuja mtapazibaje.