MREJESHO: Ile pikipiki ya Douglas "ya 1914" nimeichukua, ila si ya 1914

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu Douglas ya nguvu farasi 2¾ niliyoiona bandani nje ya Bristol, mji ilikotengenezwa, muuzaji akiapa ni ya 1914.

Aliyesema nisiguse msasa nikitafuta namba, ubarikiwe. Nilifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, taratibu, hadi namba zikajitokeza chini ya rangi. Ya injini na ya fremu hazikukaribiana hata kidogo. Nikaomba cheti cha kuthibitisha mwaka wa kutengenezwa kwa Vintage Motor Cycle Club, klabu ya pikipiki za zamani, kama mlivyoelekeza: fremu ni ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza, baada ya 1914. Basi ndoto ya kukimbia Pioneer Run, msafara wa pikipiki kongwe wa kutoka Epsom, karibu na London, hadi Brighton, imekufa, maana pale wanataka zilizotengenezwa kabla ya 1915. Lakini cheti kile kilishusha bei kwa karibu theluthi, na muuzaji hakubisha sana.

Silinda zake mbili zilizolala, moja mbele moja nyuma, ni nzima. Mkanda nimebadilisha. Magneto, kile kifaa kinachotoa cheche za kuwashia injini, nimeipeleka kusukwa waya upya kama mlivyoshauri, bado inanigomea: ikipata joto, cheche zinapotea, nasukuma hadi nyumbani majirani wakicheka.

Ushauri wa kununua tanki jipya sikuufuata. La zamani lina kutu nje tu, ndani safi.

Asanteni sana. Kwa upande wangu uzi ufungwe, magneto nitapambana nayo.