Kura ya kelele Bungeni: Spika, tuhesabie kwa majina!

Wanajamvi, nimechoka na hii kura ya sauti katika Bunge la Kitaifa la Kenya.

Spika anauliza, hawa wanapaaza ndiyo, wale wanapaaza la, naye anaamua kwa masikio yake nani kashinda. Basi. Sheria inayogusa mshahara wako na shamba lako imepita, na hakuna popote palipoandikwa kama mbunge wako alisema ndiyo au la. Ukimkabili huko nyumbani anakwambia aliipinga. Utamkatalia kwa ushahidi gani?

Kifungu cha 122 cha Katiba kinamnyima Spika kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Hana hata turufu ya kuamua. Sasa mbona masikio yake yafanye kazi ambayo mkono wake umekatazwa?

Najua mtasema wabunge wanaweza kudai kura ihesabiwe. Ndiyo, wakisimama 30. Hebu pigeni hesabu! Bunge lina wabunge 349, lakini wakiwemo 50 tu ukumbini kikao ni halali. Kati ya 50, hao 30 ni zaidi ya nusu! Wanaohitaji kuhesabiwa ni wale wachache, na wachache ndio hawafiki 30.

Kumbukeni Juni 2024. Mswada wa Fedha, ule wa kodi, ulihesabiwa: tarehe 20 uliposomwa mara ya pili, ndiyo 204 kwa la 115; tarehe 25 uliposomwa mara ya tatu, 195 kwa 106. Majina yakasambaa simu hadi simu. Kila aliyetaka kujua mbunge wake yuko upande gani alijua, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatii sahihi. Kumbe inawezekana! Mbona basi miswada mingine ipite gizani?

Asituambie mtu kwamba mikono ya Spika imefungwa na Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendesha shughuli za Bunge. Kamati inayoshughulikia kanuni hizo mwenyekiti wake ni yeye. Alete pendekezo: kila mswada unaposomwa mara ya tatu, yaani kura ya mwisho ya Bunge hilo, uhesabiwe kwa majina, na hiyo idadi ya 30 ishushwe.

Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Langu naliandika wiki hii. Nani anatia sahihi?