Mjadala: Hisabati ya madarasa ya chini Kigoma, vijiti na kadi au ubao na chaki?

Mleta mada
Wakuu, hoja ni hii. Wapo wanaotaka angalau vipindi viwili vya hisabati kwa wiki, darasa la kwanza hadi la nne, viwe vya vitendo: vijiti, kadi, duka la darasani, mstari wa namba uwanjani. Wapinzani wanasema darasa la watoto 90 halichezeki, na upimaji wa darasa la nne hauulizi mchezo. Atakayekuja na "watoto wafurahie" bila kutaja wanajifunza nini, tutamrudisha. Tajeni mada, vifaa na kinachoharibika.

Mwalimu Kasulu
Mimi niko upande wa vitendo, na naanza na kutoa kwa kuchukua. Mpe mtoto 52 − 27, jibu linalojaa kwenye madaftari ni 35. Huo si uzembe. Kaona 2 na 7, katoa ndogo kwenye kubwa kapata 5. Kisha 5 toa 2, kapata 3. Kwake 52 ni tarakimu mbili zilizokaa jirani, basi. Ukimwimbia "mbili haitoshi, nenda jirani kachukue moja" ataimba nawe, na wiki ya mitihani 35 inarudi.

Sasa mpe mafungu 5 ya vijiti kumi kumi na vijiti 2 vya pekee. Mwambie atoe 7. Havitoshi, hana ujanja ila kufungua fungu moja. Anabaki na mafungu 4 na vijiti 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Anatoa mafungu 2, yanabaki 2. Ni 25, na ile "moja" ya jirani kaishika mkononi, kaona ni kumi.

Vifaa: watoto 90 ni makundi 18 ya watano. Kila kundi mafungu 10, yaani vijiti 100, jumla 1,800. Mabua ya mtama au matete yaliyokatwa urefu wa kidole yanatosha. Rababendi zinakatika upesi, kwa hiyo kata tyubu kuukuu ya baiskeli pete nyembamba. Fungu likiwa na 9 au 11 somo zima limeharibika, kwa hiyo kila kundi lihesabu kabla ya kurudisha kopo.

Chaki Tupu
Mwalimu, mpango wako mzuri kwenye karatasi. Kipindi ni dakika 40, tena darasa la kwanza na la pili ni 30. Toa kugawa, toa kukusanya na hako kahesabu kako ka mafungu. Ukibaki na 20 umebahatika. Ndani ya hizo 20 mtoto wa vijiti anafanya maswali matatu, wa ubaoni anafanya kumi. Halafu kwenye kundi la watano mmoja anafungua, wanne wanatazama. La mwisho hamlisemi kabisa: mtoto aliyezoea vijiti anafika darasa la nne, ukimuuliza 6 × 8 anachora vistari 48 pembeni mwa daftari. Anahesabu moja moja mpaka kengele inalia. Huyo kaharibiwa na nani kama si vitendo?

Mwalimu Kasulu
Kaharibiwa na aliyemwacha kwenye vijiti. Havikai mwaka mzima. Kwanza kushika, na kila tendo la mkono linaandikwa hapo hapo: fungu likifunguliwa, 5 inakatwa inakuwa 4, na 2 inakuwa 12. Kisha kuchora, mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja. Kisha tarakimu peke yake. Akikwama anarudi hatua moja. Kipindi ambacho daftari halikufunguliwa, hapo nakubaliana nawe, kilikuwa mapumziko.

Kuhusu kutazama: zamu. Mmoja anashika, wa pili anaandika, wa tatu anakagua, wawili wanaofuata wanatunga swali. Swali jipya, zamu inasogea.

Mama Duka, Ujiji
Hivyo vifaa visije vikageuka mchango mwingine kwa wazazi. Vizibo vya soda ni bure, viponde ukingo usikate vidole. Maharage msiwape darasa la kwanza, yanaishia puani na masikioni, na yaliyobaki yanaliwa na panya. Kokwa za chikichi huku zimejaa, ila zioshwe kwa majivu na zianikwe hadi zikauke kabisa, la sivyo madaftari yote yatakuwa na madoa ya mawese.

Na duka la darasani mbona halijaguswa? Dagaa wa 1,350, mteja katoa 2,000. Muuzaji haandiki 2,000 − 1,350 na kuhangaika na masifuri. Anapanda: 50 inafika 1,400, na 600 inafika 2,000. Chenji 650.

Mthibiti Mstaafu
Naunga mkono vitendo, lakini michezo mingi inayosifiwa ni mibovu. Kadi za kuzidisha kwanza. Watoto wawili wanafunua kadi moja moja, wa kwanza kutaja jibu la kuzidisha namba hizo mbili anachukua. Mwepesi anashinda raundi zote, mzito anajifunza kunyamaza. Ondoa mbio: kila mtu na zamu yake, mwenzake anakagua kwenye jedwali. Tena usitumie kadi zote. Bakiza 6, 7, 8 na 9, nakala nne nne, kadi 16 kutoka kwenye boksi la karata. Humo mna maswali 10 tu, kuanzia 6 × 6 hadi 9 × 9, na ndiyo yanayowasumbua.

Mstari wa namba uwanjani: mtoto kasimama kwenye 4, anaongeza 3. Anahesabu "moja" akiwa bado kwenye 4, anafika 6. Kosa hilo hilo liko kwenye ludo. Sheria iwe: namba haitajwi mpaka mguu umetua mbele.

Bao nalo, kwa heshima zote: mashimo 32, kete 64, na mabingwa wanaona mbali. Lakini wanaona mwendo wa kete, hawafanyi hesabu za darasani. Zigawe kete 64 kwenye mashimo 8 ndiyo upate somo la kugawanya. Kulicheza tu ni kulicheza.

Mwalimu Uvinza
Mkimaliza vijiti mje kwenye sehemu. Acheni chapati za kuchora. Duara kuligawa tatu au tano sawa ni shida hata kwa mwalimu. Kateni kanda za karatasi za sm 24. Nusu ni sm 12, theluthi 8, robo 6, sudusi (1/6) 4, thumuni (1/8) 3, zote zinapimika kwa rula bila desimali.

Mtoto akisema 1/2 + 1/3 = 2/5, usimkatalie. Aunganishe ukanda wa 12 na wa 8, apate sm 20. Kisha apime 2/5 ya ukanda mzima: ni sm 9.6, fupi kuliko nusu aliyoanza nayo! Kaongeza kitu kikapungua. Kisha ajaze ile sm 20 kwa sudusi za sm 4, zinaingia tano. 5/6. Hapo ndipo kutafuta asili moja, yaani namba ya chini iliyo sawa, kunapokuwa na sababu.

Chaki Tupu
Hili la kanda nalikubali, maana mwalimu anaweza kubandika mbili kubwa ubaoni, za sm 120, darasa zima likaona bila makopo 18. Hata theluthi inatoka 40.

Ila ya Mama Duka inanisumbua. Mtoto akipanda 50 kisha 600 kwenye swali la kuonesha njia, msahihishaji aliyezoea kuona namba zimepangwa wima atampa alama?

Mwalimu Kasulu
Aandike 1,350 + 50 = 1,400; 1,400 + 600 = 2,000; 50 + 600 = 650. Hiyo ni njia, na imeonekana. Swali likisema panga wima, apange wima. Afundishwe zote mbili, na ya wima iwe ndiyo ya kukagulia.

Mama Duka, Ujiji
Mimi ningeanza na kupanda, wima ifuate. Na kanda za sm 120 zikibandikwa ubaoni, wa nyuma wataona rangi tu. Za sm 24 ziwafikie mkononi, hata kama ni moja kwa watoto watatu.