Tupeane uzoefu: shairi lilimwingiaje mwanafunzi wako?

Mwanzisha mada

Ndugu walimu, wazazi na wapenzi wa ushairi, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo lililonikaa moyoni muda mrefu. Nimefundisha ushairi wa Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 12, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijihesabu mwalimu mzuri, kwa kuwa wanafunzi wangu waliweza kulitazama shairi wasilolijua na kutamka papo hapo kwamba ni tarbia, yaani shairi lenye mishororo minne katika kila ubeti, kwamba kila mshororo una mizani (silabi) 16 iliyogawanywa nane kwa nane kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, na kwamba vina (silabi za mwisho zinazofanana) vya kati ni hivi na vya mwisho ni hivi. Siku moja, nilipokwisha kuyaandika hayo yote ubaoni, binti mmoja alinyoosha mkono akauliza: “Mwalimu, hili shairi lilitungwa ili lihesabiwe?” Hakuuliza kwa utovu wa adabu, alitaka kujua. Nikagundua kwamba kwa kipindi kizima hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amelisoma shairi lile kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikiwamo.

Tangu hapo, kipindi cha kwanza cha kila shairi hakina swali. Tunalisoma mara tatu: kwanza nasoma mimi, kisha wanafunzi wanapokezana beti na darasa zima linaitikia kibwagizo, na mwisho anasoma yeyote aliyejitolea huku wenzake wamefunga vitabu. Baada ya hapo namwomba kila mmoja ataje neno lililobaki sikioni mwake. Kazi ngumu kwangu imekuwa kunyamaza wakati wao wamenyamaza, kwa maana ukimya huo mara nyingi ndio wakati shairi linapofanya kazi yake. Naomba kusikia ya kwenu, hasa kutoka kwa wanaofundisha watu wa rika nyingine.

Mwalimu wa darasa la kwanza

Asante, mwalimu mwenzangu. Mimi nafundisha watoto wa miaka sita na saba, nao hawajui kwamba kuna kitu kinachoitwa mizani. Tunapiga makofi tu, kofi moja kwa kila pigo la neno. “Mtoto” lina makofi matatu, kwa sababu ile “m” ya mwanzo inasimama peke yake, na watoto hulisikia jambo hilo bila kuelezwa. “Mbuzi” lina makofi mawili, kwa kuwa hapo “mb” imeshikana na irabu yake.

Siku tulipofika kwenye neno “mbwa”, mtoto mmoja alipiga makofi mawili. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumsahihisha, nikidhani kwamba kama “mb” ya mbuzi ni pigo moja, basi mbwa zima ni pigo moja. Nikalitamka neno taratibu, nikasikia kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika neno fupi kama hilo “m” hulazimika kuwa silabi ili iubebe mkazo huo. Mimi niliyejifunza kanuni hiyo chuoni niliisahau, na mtoto asiyewahi kuisikia aliifuata. Siku hizi, kabla ya kumsahihisha mtoto katika ushairi, nalitamka neno mwenyewe kwanza.

Mkufunzi wa elimu ya watu wazima

Katika darasa langu la kusoma na kuandika alikuwapo bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 70, ambaye kwa miezi miwili herufi zilimkataa kabisa. Tukimpa sentensi za kitabu cha mazoezi, alizisoma silabi moja moja kwa shida, na alipofika mwisho alikuwa amekwisha kusahau mwanzo. Siku moja nilimsikia akighani polepole beti za Utendi wa Mwana Kupona, ule uliotungwa mwaka 1858 na mama aliyekuwa akimwusia binti yake. Alikuwa na beti nyingi kichwani, zote katika lahaja ya Kiamu, na alizijua tangu usichana wake.

Nilichofanya ni kuziandika beti tatu kwa herufi kubwa na kuziweka mbele yake bila kusema neno. Alianza kwa kughani kwa kumbukumbu huku kidole chake kikitembea juu ya maandishi, na alipofika mwisho wa ubeti wa kwanza kidole kilisimama kwenye kina, kikaruka hadi mwisho wa ubeti wa pili, kisha wa tatu. Utenzi, kama mnavyojua, una mishororo minne mifupi ya mizani nane, mitatu ya kwanza ikiwa na kina chake, na wa nne ukibeba kina kimoja kinachorudi katika kila ubeti hadi tamati. Bibi yule alikiona kwa macho kile alichokuwa akikisikia maisha yake yote. Aliniambia, “Kumbe haya ndiyo maneno yangu,” akaomba karatasi ile aende nayo nyumbani. Kusoma kwake kulianzia hapo, na sikuwahi tena kumrudisha kwenye sentensi za mazoezi.

Mhariri

Naheshimu sana mliyoyasema, lakini naomba kuitetea hesabu, maana mimi iliniokoa. Nilipokuwa na miaka 15 sikupenda ushairi, kwa sababu kila mara tulipoulizwa “umejisikiaje?” sikuwa na la kujibu. Mwalimu aliponipa kanuni za arudhi, yaani za vina na mizani, nikapata mlango wa kuingilia. Nikatunga mshororo huu: “Mama anaponiita, jua bado halijatoka.” Ukwapi ulikuwa na mizani nane, lakini utao ulikuwa na tisa. Mwalimu hakunisahihisha, alisema tu kwamba kuna mgeni mmoja hana kiti.

Nilikaa na mshororo ule jioni nzima. Mwishowe niliona kwamba “bado” haikuwa na kazi, kwa kuwa “-ja-” ya “halijatoka” inatosha kubeba maana hiyo. Nikaiondoa, zikabaki mizani saba, nikalazimika kutafuta kitenzi kirefu kuliko “toka”. Ndipo nikapata: “Mama anaponiita, jua halijachomoza.” Nane kwa nane, na sasa jua lenyewe lilikuwa na mwendo. Mizani ndiyo iliyonilazimisha kutafuta neno bora, na mpaka leo, katika kazi yangu ya kuhariri habari, naitumia elimu ya jioni ile. Wapo wanafunzi ambao hisia huwajia baada ya hesabu. Tusiwafungie mlango wao kwa kuwa sisi tuliingilia mwingine.

Mama wa watoto wawili

Mimi si mwalimu, nitasema kidogo. Kabla ya kulala huwasomea wanangu shairi moja, lile lile kwa wiki nzima. Ifikapo siku ya nne naacha neno la mwisho la mshororo, nao wanalijaza. Mdogo, mwenye miaka mitano, huweka neno lake mwenyewe lenye kina kile kile, na wakati mwingine lake hunipendeza kuliko la mshairi.

Mlezi wa kikundi cha vijana

Kwa vijana wangu, ambao wengi wanatunga mashairi huru, swali ni jingine. Tangu mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mabishano ya kama shairi lisilo na vina ni shairi yamewachosha wengi, na nimewakuta vijana wakidhani kwamba uhuru maana yake ni kukata sentensi popote. Dawa niliyoipata ni zoezi moja. Nawapa sentensi ya kawaida, kwa mfano: “Mlango ulibaki wazi usiku kucha na hakuna aliyeingia,” nawaomba kila kikundi kiikate mishororo.

Kikundi kimoja kiliandika:

Mlango ulibaki wazi
usiku kucha
na hakuna aliyeingia.

Kingine kikaandika:

Mlango ulibaki wazi usiku kucha na hakuna
aliyeingia.

Walibishana kwa saa nzima. Wa pili walisema kwamba mshororo unapoishia kwenye “hakuna”, kwa sekunde moja msomaji anabaki na utupu mtupu, kisha neno “aliyeingia” linakuja peke yake kama mtu anayetazamiwa. Wa kwanza walijibu kwamba “usiku kucha” ndilo jambo lenye uzito, nalo lilistahili nafasi yake. Sikuamua. Kijana mmoja ambaye hajawahi kusifu arudhi alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini wazee walikuwa wakali juu ya mahali pa kituo, nami nikaona kwamba mashairi huru yanaweza kumrudisha mtu kwenye tarbia kwa heshima mpya.

Mwalimu mstaafu

Mimi nina la majuto. Zamani niliwahi kuchukua shairi la mwanafunzi, likiwa na makosa ya vina katika beti mbili, nikalisoma mbele ya darasa na kusema kwamba hilo ni guni, yaani shairi lenye kasoro za vina au mizani. Neno hilo ni istilahi halali, na kwangu lilikuwa istilahi tu. Kwake lilikuwa hukumu. Shairi lilimhusu baba yake aliyefariki muhula ule, jambo nililokuja kulijua baadaye kwa kuwa nilisoma vina bila kusoma maneno. Hakuniletea shairi lingine hata moja. Mwalimu mwanzisha mada, lile swali la binti yako lingenifaa sana siku ile.

Mwanzisha mada

Shikamoo, mzee wangu, na asante kwa kutuamini na jambo hilo. Nawashukuru nyote. Mhariri ameniongoa kiasi: nimerudisha hesabu, ila siku ya pili, baada ya sauti.

Jana nilijaribu makofi ya mwalimu wa darasa la kwanza kwa vijana wangu wa miaka 16. Mwanzoni waliona haya, kisha wakachangamka, na tulipofika kwenye “mbwa” darasa likagawanyika, nusu wakisema kofi moja na nusu wakisema mawili. Yule binti wa swali hakupiga kofi. Aliweka kidole midomoni, akalitamka neno mara mbili, akatuambia: “Sikilizeni, sauti inaanza kabla midomo haijafunguka.” Wote wakaweka vidole midomoni na kulisema tena.