Fundi wenu kalivalisha gari langu PAMPASI na bado mnampelekea magari

Mwenye_Jekundu:

Wakuu, leo sisalimii mtu.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa chini ya mwarobaini, Ngamiani, mwenye ovaroli ambalo mara ya mwisho kuwa la bluu Nyerere alikuwa Ikulu. Yule anayeweka bisibisi sikioni kusikiliza injini, macho kafumba, utadhani anasoma dua. Huyo huyo.

Na gari langu mnalijua, maana sijaona la pili Tanga nzima. Eunos Roadster, jekundu, viti viwili, taa zinazochomoza zenyewe. Japani walianza kuliuza 1989, langu la 1991. Linavuja oili. Kidogo! Matone mawili matatu asubuhi pale lilipolala. Kwa umri ule hilo ni jasho tu. Nikampelekea. Bisibisi sikioni, macho kafumba, kafumbua: "Sili ya nyuma ya krenki." Yaani ile raba ya kuzuia oili nyuma ya injini. Akashusha gia boksi. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Gari langu lilikuja leo likaondoka siku ya tisa, na laki mbili na themanini yangu likaiacha pale. Likarudi na sili mpya, likavuja pale pale, sasa kwa raha zake.

Juzi nikamwambia, fundi, Jumamosi nambeba mama mkwe mtarajiwa kumpeleka shughulini Raskazone, nisaidie tu lisidondoshe mbele ya watu. Akasema, "Hilo dogo." Na kweli, asubuhi nimetazama chini, pakavu. Nikamtumia hela ya soda. HELA YA SODA, wakuu.

Kumbe kafunga pampasi chini ya injini. Pampasi ya mtoto. Kwa waya.

Leo saa kumi jioni tuko pale Mkwakwani, turubai nimeshusha, upepo wa bahari, mama mkwe kanukia udi, mwenyewe najiona nimeshaoa. Tuta. Paa! Kitu kikadondoka. Nikasikia mtoto anakuja mbio nyuma yetu: "Mjomba! Mjomba! Umeangusha pampasi!"

Nikasimama. Kwa nini nilisimama sijui mpaka sasa.

Kale katoto kameinua ile kitu kwa kijiti. Imevimba, nyeusi tii, inachuruzika. Wauza machungwa wote wamegeuka. Mama mkwe akaitazama. Akanitazama mimi. Akauliza, taratibu, bila kupaza sauti:

"Pampasi ya nani?"

Wakuu. PAMPASI YA NANI.

Nina miaka 34, nimekaa mbele ya wazee wa watu nimesema sina mtoto. Nikajibu, "Ya gari, mama." Akanyamaza. Tumefika usawa wa Bombo ndipo akasema, "Na mbona nyeusi? Huyo mtoto anaumwa nini?"

Nimemshusha, nikageuza moja kwa moja hadi kwenye mwarobaini. Unajua alinijibu nini? "Bibi akizeeka humtupi, unamvisha. Na pampasi sijakuhesabia."

Hajanihesabia! Pampasi ya nani, hajanihesabia!

Chungwa_la_Muheza:

Nimekaa pale. Weka picha.

Mtoto_wa_Barabara_ya_Ishirini:

Saizi gani mkuu? Maana wangu wa miezi minane zinambana.

Spana_Kumi_na_Mbili:

Pole kaka. Ila hizo Eunos za injini ya 1,600 ugonjwa wake unajulikana na huenda sili ya krenki haikuwa na kosa. Nyuma kabisa ya hedi, kule kwenye kona mkono haufiki, kuna sensa inayozungushwa na kemshafti. Imeshikwa na bolti moja, spana namba 12. Ina oringi, kile kipete cha raba cha kuzuia oili. Joto la miaka thelathini linaikausha ile raba inakuwa kama kipande cha plastiki, oili inateremka nyuma ya injini mpaka inapokutana na gia boksi. Fundi akilala chini anaona pamelowa pale, anatangaza sili. Osha injini, ikauke, iwashe, halafu mulika tochi kuanzia juu kushuka chini, usianzie chini. Oringi ni hela ya chapati na chai. Lakini kabla hujaitoa sensa ipige alama na msumari ilipokaa, ukiizungusha umeondoa taimingi, yaani wakati wa plagi kuchoma, na pale inatakiwa digrii 10.

Mwenye_Jekundu:

Sijauliza linavujia wapi. Mimi ndiye niliyeulizwa PAMPASI YA NANI.

Spana_Kumi_na_Mbili:

Sawa kaka. Na tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, pia uitazame. Gasketi mpya, silikoni kidogo kwenye kona tu, usiipake kama siagi. Zile bolti ni za kukazwa kwa vidole viwili, ukitia nguvu umezikata. Halafu cheki valvu ya kupumulia, ikiziba injini inatafuta pa kutolea pumzi, inasukuma oili kwenye kila raba.

Bi_Mkubwa_Chuda:

Mwanangu hayo ya oringi tumeyasikia. Huyo mtoto yuko kwa nani?

Mwenye_Jekundu:

Shikamoo mama. Hakuna mtoto.

Bi_Mkubwa_Chuda:

Marahaba. Ndivyo wanavyosemaga wote.

Dereva_wa_Pongwe:

Serikali inahangaika na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani. Mwenzetu lake limeshafika Mkwakwani, na limefungwa kwa pampasi.

Chungwa_la_Muheza:

😂😂 Tanga raha.

Mzee_wa_Zamani:

Vijana mnanunua vigari vya viti viwili halafu mnalia. Datsun 240Z ilichukua mbio za magari za Safari Rali 1971, ikarudia 1973, kwenye tope na mashimo, na hakuna aliyeivisha nguo ya ndani.

Spana_Kumi_na_Mbili:

Mzee, zile nazo zilivuja. Ila lilikuwepo gari la mafundi nyuma.

Mwenye_Jekundu:

Jamani. Upepo wa bahari. Udi. Katoto na kijiti. Hamlioni jambo lenyewe?

Mpita_Njia_77:

Mimi nalo moja tu: pampasi imelowa oili, iko karibu na eksozi. Mkuu, shukuru ilidondoka. Ingeshika moto ungeulizwa maiti ya nani.

Kofia_ya_Mkonge:

Afadhali wewe umevalishiwa gari. Mimi nilimpelekea fundi cherehani kitambaa cha suti ya harusi, yule wa ghorofani, mnamjua, mwenye futi shingoni hata akiwa msikitini. Kanipima mara tatu. Siku ya harusi suruali inaishia hapa kwenye ugoko. Kumuuliza, ananiambia, "Umerefuka."

Mtoto_wa_Barabara_ya_Ishirini:

Huyo wa "umerefuka" namjua!! Dada yangu alimwambia, "Umenenepa ghafla." Gauni lilishonwa wiki hiyo hiyo.

Bi_Mkubwa_Chuda:

Huyo ana kanzu ya marehemu mume wangu tangu mwaka juzi. Marehemu alikuwa hai alipoipeleka.

Kofia_ya_Mkonge:

Mama, pole. Nenda Alhamisi mapema, Ijumaa anazima simu.

Mwenye_Jekundu:

Taarifa mpya: mama mkwe kampigia simu shangazi yake mchumba wangu. Shangazi kanitumia ujumbe wa maneno matatu. Mnajua maneno yenyewe.

Dereva_wa_Pongwe:

Wa cherehani ana nafuu, kuna yule wa bajaji anayebadilisha breki halafu anakwambia usishike sana breki mpaka zizoee. Zizoee nini? Mimi nimezoea kusimama!

Mzee_wa_Zamani:

Mafundi wa kweli waliisha. 1988 Coastal Union inachukua ubingwa wa soka, jezi walishonewa na watu wanaojua kupima.

Chungwa_la_Muheza:

Mzee usilete Coastal hapa, African Sports tunasoma.

Mzee_wa_Zamani:

Someni, kuna mengi ya kusoma.

Chungwa_la_Muheza:

Mgosi, ubingwa mmoja mmeutembeza mpaka umechakaa kuliko hiyo Eunos.

Kofia_ya_Mkonge:

Huyo nimemkubali. Kula tano.

Spana_Kumi_na_Mbili:

Mwenye uzi, nimetazama, oringi ninayo moja hapa kwenye boksi langu. Niko Makorora. Njoo Jumatatu, usije na mama mkwe.

Mwenye_Jekundu:

Nikija na gari, utamwambia mama mkwe pampasi ilikuwa ya gari? Uje nyumbani kwao uvae vizuri, umweleze. Hela ya chapati na chai nalipa mara mbili.

Spana_Kumi_na_Mbili:

Kaka, mimi ni wa spana tu.

Mtoto_wa_Barabara_ya_Ishirini:

Kwani Jumapili hii Mkwakwani kuna mechi au hakuna?

Mpita_Njia_77:

Samahani nawaingilia. Friji langu linatoa maji chini, jikoni kumekuwa bwawa. Nani anamjua fundi friji mzuri asiye na maneno mengi?

Dereva_wa_Pongwe:

Kuna yule wa chini ya mwarobaini, anafanya na friji.

Mpita_Njia_77:

Ahsante mkuu. Naenda kesho asubuhi.

Bi_Mkubwa_Chuda:

Nenda na pampasi yako.